Unanunua Nyumba? Fedha Itoke Mwisho

Baada ya mavuno watu wengi huanza kufikiri juu ya nyumba. Umeuza ufuta. Umeuza mpunga na mahindi. Mkononi mna fedha kidogo. Kijana wako ameoa, anataka mahali pa kukaa. Au wewe mwenyewe umechoka na nyumba inayovuja kila masika. Unataka nyumba ya matofali na bati, iliyo karibu na barabara, shule na zahanati.

Hilo ni jambo jema. Lakini nyumba ni kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ambavyo wengi wetu tutanunua maishani. Ukinunua mbegu mbaya, unapoteza msimu mmoja. Ukinunua nyumba vibaya, unaweza kupoteza akiba ya miaka kumi. Ndiyo maana leo Bwana Shamba anaacha kidogo habari za mbegu na samadi, azungumze nawe juu ya nyumba.

Hapa Masanze tuko kwenye njia ya Kilosa na Mikumi. Reli mpya ya treni za umeme imepita katika wilaya yetu ya Kilosa. Treni za abiria zilianza kuipita hadi Dodoma mwaka 2024. Penye reli na barabara, watu hutafuta viwanja. Watu wakitafuta viwanja, madalali hawako mbali. Na shughuli ikiwa kubwa, mawakili nao hutafutwa.

Dalali ana kazi yake. Wakili naye ana kazi yake. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui kazi hizo zinaishia wapi. Mtu anadhani dalali akisema nyumba haina matatizo, basi haina. Anadhani wakili akigonga muhuri, mambo yamekwisha. Katika kijiji mambo hayaishi hapo. Tuone kwa nini.

JUA KWANZA ARDHI ILIYO CHINI YA NYUMBA

Nyumba imesimama juu ya ardhi. Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma. Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria mbili. Moja ni Sheria ya Ardhi Namba 4. Nyingine ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2001.

Sheria hizo zimegawa ardhi katika mafungu matatu. Kuna ardhi ya hifadhi, kama mbuga ya Mikumi. Kuna ardhi ya vijiji. Na kuna ardhi ya jumla, kama viwanja vilivyopimwa vya mjini.

Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: Nyumba hii iko katika ardhi gani?

Kama iko mjini kwenye kiwanja kilichopimwa, mwenyewe anapaswa kuwa na hati au barua ya kupewa kiwanja. Ukweli wa hati hiyo unatafutwa katika ofisi ya ardhi ya wilaya au ya mkoa. Kama iko kijijini, msimamizi wa ardhi hiyo ni Halmashauri ya Kijiji. Ukweli wake unatafutwa kijijini.

KAZI YA DALALI

Dalali ni mtu wa kukutanisha watu. Anajua nani anauza na nani anatafuta. Kwa kazi hiyo anapata ujira. Mara nyingi hudai sehemu moja ya kumi ya bei. Ujira huo unaitwa udalali.

Dalali mwema hukusaidia sana. Anakupunguzia kutembea. Lakini kumbuka mambo mawili. Kwanza, dalali hapati kitu mpaka biashara ikamilike. Kwa hiyo anapenda biashara iende haraka. Pili, nyumba siyo yake. Matatizo yakitokea mwakani, yeye atakuwa amekwisha kula udalali wake.

Kuna pia jambo linaloitwa "cha juu." Tuchukue mfano. Mwenye nyumba anataka shilingi 7,000,000. Dalali anakuambia bei ni shilingi 8,000,000. Hiyo milioni moja iliyozidi ni cha juu. Inakwenda mfukoni mwa dalali bila wewe kujua. Kisha anakudai udalali wa sehemu moja ya kumi, yaani shilingi 800,000. Hesabu mwenyewe. Umetoa shilingi 8,800,000 kwa nyumba ya shilingi 7,000,000.

Dawa yake ni rahisi. Onana na mwenye nyumba mwenyewe. Sikia bei kutoka kinywani mwake. Dalali akikuzuia usionane naye, jiulize anaficha nini.

Sikiliza mazungumzo haya. Ni ya mfano tu, lakini maneno yake utayasikia mahali pengi.

Dalali: Mama, nyumba hii inagombewa. Kesho anakuja mteja kutoka Morogoro na fedha taslimu.
Mama: Mwenyewe yuko wapi?
Dalali: Yuko safari. Kanipa mimi kazi yote. Wewe toa hata kishika uchumba, laki tano tu, nikuwekee.
Mama: Mwanangu, mchumba mwenyewe sijamwona. Nitamshikaje? Nipe jina la mwenyewe na jina la kitongoji. Kesho nitakwenda ofisi ya kijiji kuuliza.
Dalali: Mama, ukichelewa utaikosa.
Mama: Nikiikosa hii, nitapata nyingine. Fedha hii nikiikosa, sina nyingine.

Mama huyu amejibu vizuri. Hakumtukana dalali. Hakumwita mwizi. Amekataa tu kutoa fedha kabla ya kujua.

Kabla ya kutembea na dalali, patana naye mambo haya:

1. Udalali ni kiasi gani?
2. Nani atalipa, mnunuzi au muuzaji?
3. Utalipwa lini? Jibu zuri ni hili: baada ya biashara kukamilika.
4. Kuna malipo ya kuonyeshwa nyumba? Kama yapo, ni kiasi gani?

Andika mapatano hayo kwenye karatasi. Wote wawili mweke sahihi.

NENDA UKAONE KWA MACHO YAKO

Usinunue nyumba kwa picha ya kwenye simu. Nenda mwenyewe. Nenda mchana. Ikiwezekana nenda mara mbili, wakati wa jua na wakati wa mvua. Nyumba iliyo kavu mwezi wa Agosti inaweza kuwa kisiwa mwezi wa Aprili.

Wana Kilosa hawahitaji kufundishwa habari za maji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mto Mkondoa ulifurika. Watu wengi walipoteza nyumba. Reli nayo iliharibika. Kwa hiyo waulize wazee: Maji yalifika wapi mwaka ule?

Sheria nayo inasema juu ya mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Hesabu hatua hizo wewe mwenyewe. Nyumba ikiwa ndani yake, iache.

Angalia pia hifadhi ya barabara na hifadhi ya reli. Nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi hizo inaweza kubomolewa, nawe ukose fidia. Barabara kubwa zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za vijijini zinasimamiwa na TARURA. Uliza mpaka wa hifadhi uko wapi.

Kisha tembea mipaka yote minne pamoja na muuzaji na majirani. Muulize kila jirani: Je, mpaka wetu ni huu? Jirani akinyamaza au akitikisa kichwa, simama hapo. Usiendelee mpaka umejua sababu.

Uliza pia kama eneo hilo ni njia ya mifugo, malisho, au ardhi ya akiba ya kijiji. Vijiji vyenye mpango wa matumizi ya ardhi vina ramani inayoonyesha mambo hayo. Ardhi ya pamoja haiuzwi na mtu mmoja. Sisi wa Kilosa tunajua ugomvi wa ardhi unavyoweza kumwaga damu. Mwezi wa Desemba mwaka 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mpaka uliojulikana na wote ni amani.

JE, MUUZAJI ANA HAKI YA KUUZA?

Mtu kukaa katika nyumba siyo kusema ana haki ya kuiuza. Uliza maswali haya bila aibu. Kuuliza si ujinga.

Swali la kwanza: Ana mke au mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya ndoa. Mume hawezi kuiuza bila mkewe kukubali. Mke naye hawezi kuiuza bila mumewe kukubali. Usitosheke na maneno, "Mke wangu hana neno." Mwite mama mwenye nyumba. Msikie mwenyewe. Aweke sahihi yake kwenye mkataba.

Swali la pili: Nyumba aliipataje? Kama aliinunua, atoe mkataba wake wa zamani. Kama alipewa na kijiji, daftari la kijiji lionyeshe. Kama aliirithi, tazama kwa makini zaidi. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto yeyote anayetaka. Inasimamiwa na msimamizi wa mirathi, naye huteuliwa na mahakama. Atakuwa na barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Iombe uisome. Kisha waulize warithi wengine kama wanajua habari za mauzo hayo.

Swali la tatu: Je, ni ardhi ya ukoo? Kwetu Kilosa, kwa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa hiyo mjomba ana neno. Ukinunua kwa kijana bila mjomba kujua, unaweza kununua kesi. Lakini elewa pia kwamba mila haiwezi kumnyima mwanamke haki yake ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imebatilisha mila ya namna hiyo. Dada akisema ana haki katika nyumba ile, usimpuuze kwa sababu ni mwanamke.

Swali la nne: Je, nyumba ina deni? Hati inaweza kuwekwa rehani benki. Usikubali kuonyeshwa nakala tu. Omba kuona hati yenyewe. Kisha ukaulize kwenye ofisi inayotunza daftari la hati hizo. Kwa hati ya kimila, ofisi hiyo ni masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya. Kwa hati ya mjini, ni ofisi ya Msajili wa Hati. Kazi hii ya kutazama daftari inaitwa upekuzi.

HALMASHAURI YA KIJIJI HAIRUKWI

Ndugu msomaji, sehemu hii isome mara mbili.

Ukinunua nyumba au shamba katika ardhi ya kijiji, mauzo hayo yanahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Mauzo yasiyo na kibali ni batili. Neno "batili" maana yake hayana nguvu, kama vile hayakufanyika.

Jambo hili siyo la jana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema katika hukumu moja ya mwaka 1985. Mtu alinunua ardhi iliyokuwa ndani ya kijiji. Halmashauri ya Kijiji haikuwa imekubali. Mahakama ikasema mauzo hayo ni batili. Mahakama hiyo imelirudia jambo hilo katika kesi za miaka ya karibuni.

Sasa fikiri. Mtu ametoka kijijini na muuzaji. Wamepanda basi mpaka mjini. Wakili amewaandikia mkataba mzuri kwa mashine. Muhuri umegongwa. Fedha zimelipwa. Lakini Halmashauri ya Kijiji haijui kitu. Mtu huyo ana karatasi nzuri, lakini anaweza kuipoteza nyumba.

Halmashauri ya Kijiji ni nani? Siyo mwenyekiti peke yake. Siyo ofisa mtendaji peke yake. Kwa sheria ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa, Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Kibali kinatolewa na kikao chao. Mwenyekiti akikugongea muhuri nyumbani kwake saa mbili usiku, hicho siyo kikao.

Fanya hivi:

1. Muuzaji aandike barua kwa Halmashauri ya Kijiji. Aseme anataka kumwuzia nani, na mahali gani.
2. Nawe kama unatoka nje ya kijiji, andika barua yako. Jieleze wewe ni nani na unataka kufanya nini pale.
3. Ngoja kikao. Wajumbe wataulizana. Majirani wataulizwa.
4. Omba kibali kwa maandishi, pamoja na nakala ya muhtasari wa kikao.
5. Kama kijiji kina ada, lipa na upewe stakabadhi. Usilipe chochote kisicho na stakabadhi.

Hayo ni mauzo kati ya mtu na mtu. Kama ni ardhi mpya inayogawiwa na kijiji, Halmashauri haiwezi kukata shauri peke yake. Mkutano wa Kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, lazima ukubali kwanza.

KAZI YA WAKILI

Wakili ni mtu aliyesomea sheria, akaapishwa, na jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili. Kila mwaka hupata cheti kipya cha kufanya kazi. Hapa Tanzania Bara mawakili wana chama chao, Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954.

Siyo kila mtu mwenye mkoba na tai ni wakili. Wapo watu wanaokaa karibu na mahakama na kuandikia watu hati kwa malipo, nao hawana cheti. Mahakama ya Tanzania ina orodha ya mawakili kwenye mtandao, inaitwa e-Wakili. Kijana mwenye simu ya kisasa anaweza kukutafutia jina. Pia unaweza kuuliza mahakamani.

Wakili mwema atakusaidia mambo haya. Atafanya upekuzi wa hati. Atatazama kama muuzaji ana haki ya kuuza. Ataandika mkataba usio na mashimo. Atashuhudia sahihi zenu. Atakueleza kodi za Serikali zinazohusika, hasa kwa nyumba ya mjini.

Lakini wakili hajui mpaka wako na jirani. Hajui mjomba amekasirika. Hajui maji yalifika wapi mwaka 2009. Mambo hayo yanajulikana kijijini. Na muhuri wake hauwezi kuwa badala ya kibali cha Halmashauri ya Kijiji.

Jambo jingine: jua wakili huyu ni wa nani. Wakili anamtetea yule aliyemwajiri. Mara nyingine dalali anasema, "Usihangaike, tunaye wakili wetu." Wakili huyo ni wao. Kama una uwezo, tafuta wako. Patana naye malipo mapema. Lipa, na upewe risiti. Hakikisha jina lake na anwani yake vimeandikwa kwenye mkataba.

Kama huna uwezo wa kulipa, usikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Hao husaidia wananchi bila malipo. Uliza ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya wilaya wanapatikana wapi.

SOMA MKATABA MWENYEWE

Zamani wengi wetu tulikuwa tunabonyeza kidole gumba kwenye karatasi tusiyoijua. Tulikuwa tunaambiwa, "Weka hapa." Tunaweka. Leo unajua kusoma. Hii ndiyo siku ya kuvuna matunda ya kisomo chako.

Mkataba ukiandikwa kwa Kiingereza, sema unataka wa Kiswahili. Usione haya. Fedha ni zako. Omba kuondoka nao, uusome nyumbani usiku kucha ukipenda. Neno usilolielewa, litie alama. Kesho uliza maana yake. Mtu akikuambia hakuna nafasi ya kusoma, nawe mwambie hakuna nafasi ya kulipa.

Mkataba mzuri siyo lazima uwe mrefu. Lakini usikose mambo haya:

Tarehe: ................
Mimi ................ wa kijiji cha ................ ninamwuzia ndugu ................ wa kijiji cha ................ nyumba yangu.
Nyumba iko kitongoji cha ................, kijiji cha ................, Kata ya ................, Wilaya ya ................
Mipaka: Kaskazini imepakana na ................ Kusini na ................ Mashariki na ................ Magharibi na ................
Ukubwa wa eneo: mita ........ kwa mita ........
Vilivyomo: nyumba ya vyumba ........, choo, miti ya ................
Bei ni shilingi ................ (iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno).
Fedha zimelipwa hivi: ................
Kibali cha Halmashauri ya Kijiji: kikao cha tarehe ................
Muuzaji ataondoka katika nyumba tarehe ................
Ikionekana muuzaji hana haki ya kuuza, atarudisha fedha zote.
Mke au mume wa muuzaji anakubali: sahihi ................
Sahihi ya muuzaji ................ Sahihi ya mnunuzi ................
Mashahidi wa muuzaji: ................
Mashahidi wa mnunuzi: ................

Tazama miti. Wengi huisahau. Umenunua nyumba yenye miembe mitatu na minazi miwili. Mwaka wa pili mwenyewe wa zamani anarudi kuvuna. Anasema, "Niliuza nyumba, sikuuza miembe." Kama miti imeandikwa, neno hilo halitakuwapo.

Usiache nafasi tupu katika mkataba. Nafasi tupu inaweza kujazwa baadaye na mkono mwingine. Pasipo na neno, piga mstari. Wekeni sahihi kwenye kila ukurasa. Andikeni nakala tatu: ya mnunuzi, ya muuzaji, na ya ofisi ya kijiji.

SIKU YA KULIPA

Sasa umefika mwisho, na hapa ndipo fedha inapotoka. Umeona nyumba. Umetembea mipaka. Umejua muuzaji ni nani. Mkewe amekubali. Halmashauri ya Kijiji imetoa kibali. Mkataba umeusoma na kuuelewa.

Usitembee na fedha nyingi kwenye mfuko wa suruali au kwenye kanga. Ni hatari. Ikiwezekana lipa kwa benki, ili ibaki kumbukumbu. Mlipe muuzaji mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Usimpe dalali amfikishie. Kama mnalipa taslimu, lipeni mbele ya mashahidi, zihesabiwe, na muuzaji aandike amepokea.

Kama mmekubaliana kulipa kidogo kidogo, kila malipo yaandikwe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

BAADA YA KUNUNUA

Usiweke mkataba chini ya godoro ukasahau. Bado kuna kazi moja. Nenda ofisi ya kijiji ukaombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati hii inatiwa sahihi na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na wewe mwenyewe. Kisha inatiwa sahihi na muhuri na ofisa ardhi wa wilaya na kuandikishwa. Kwa sheria, haki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya hati za mjini. Watoto wako wanaweza kuirithi.

Kama mna ndoa, andikisheni majina yote mawili. Baba akifa, mama hatasumbuliwa. Mama akifa, baba hatasumbuliwa.

UKIPATA MGOGORO

Usichukue panga. Usivunje ua wa mtu. Nenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao wanapaswa kuwa wanawake. Kazi yake ni kuwapatanisha. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi hukumu ya ardhi. Nalo linapatanisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila mapatano, unaweza kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko watakuuliza karatasi zako. Mwenye mkataba, kibali na stakabadhi atakuwa na la kuonyesha.

Kama umeuziwa nyumba na mtu asiyekuwa mwenyewe, au nyumba moja imeuzwa kwa watu wawili, huo ni udanganyifu. Toa habari polisi upesi.

Ndugu msomaji, hakuna mkulima anayemwaga mbolea kabla ya kutayarisha shamba. Fedha ya nyumba nayo ni hivyo. Mwenye nyumba na afahamike, mipaka ionekane, kijiji kikubali, mkataba usomwe. Ndipo ufungue mfuko.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI CHA KUSOMA

1. Kwa nini dalali hupenda biashara iende haraka?
2. Mtu ana mkataba wenye muhuri wa wakili, lakini hana kibali cha kijiji. Je, yuko salama? Toeni sababu.
3. Katika kijiji chenu, kikao cha Halmashauri ya Kijiji hufanyika lini? Muhtasari wake unatunzwa wapi?
4. Nyumba ya shilingi 6,000,000 ina udalali wa sehemu moja ya kumi. Udalali ni shilingi ngapi?
5. Jaza mkataba wa mfano hapo juu kwa nyumba unayoishi sasa. Je, unaweza kuitaja mipaka yako yote minne?